Bunduki ya Alois

Karabini, bunduki fupi ya jeshi, ilimpiga Shangazi Seffa teke la bega, na Emil akauona uso wake ukikunjamana. Hiyo ilikuwa risasi ya majaribio tu. Kumi na nane za kuhesabiwa zilikuwa bado.

"Ndama huyu ana mateke," Seffa alisema. "Nipe nyingine."

"Nilikuchagulia nyepesi, Shangazi. Una miaka sabini."

"Ndiyo maana inaumiza. Bunduki nyepesi humrudishia mpigaji teke zima. Nzito hubaki na nusu yake. Kaka yangu Alois alikuwa akisema hivyo."

Nyuma yao Badischt Fässler, mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha, alivuta kiko chake kwa raha. Masharti yalikuwa yake, na aliyatamka mbele ya wanachama wote: mwanamke mmoja, bunduki moja kuukuu ya jeshi, mita mia tatu. Akifikisha alama sitini kati ya sabini na mbili, chama kitawapokea wanawake. Akishindwa, mjadala umekwisha. Monika, binti yake Emil, alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima. Juma lililopita alianguka kutoka ghala la nyasi, akavunjika mtulinga. Aliyejitokeza badala yake ni shangazi huyu mtengeneza jibini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona na bunduki.

"Mahakama imewapa ninyi wanawake kura, sasa mnataka na risasi?" Badischt alicheka. "Jimbo zima la Appenzell litatucheka. Seffa, rudi kwenye jibini lako kabla hujavunjika."

"Jibini linaiva lenyewe, Badischt. Wewe ndiye sijui utaiva lini."

Kisha akanyoosha kidole ukutani. Chini ya shada lililokauka ilining'inia bunduki ndefu ya marehemu kaka yake. "Ile."

Badischt alitoa kiko mdomoni. "Ile ni heshima ya chama! Mwaka arobaini na sita, alama sabini. Hajazifikia mtu mpaka leo. Nilikuwa shimoni chini ya shabaha, nikiziba matundu. Mvua na ukungu. Alois kalala huku juu, koti la jeshi limemfunika hadi masikioni. Akapiga, akaondoka kimya, hata shada hakulingoja. Mwanamume kweli!"

"Ulisema bunduki yoyote kuukuu," Emil alimkumbusha.

Aliishusha. Ilikuwa nzito kama gogo. Alipolegeza skurubu za bamba la kitako ili atie kipande cha sufu cha kupunguza teke, alikuta sufu imekwishatiwa: soksi ya kike, imekunjwa kwa uangalifu. Kitako chenyewe kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, kikapungua vidole viwili.

"Jitu lile lilihitaji godoro?" Badischt alishangaa.

Seffa alilala kifudifudi, akaikumbatia bunduki.

Risasi ya kwanza: alama tatu kati ya nne. Ya pili: mbili. Baada ya sita alikuwa na alama kumi na saba, na Badischt akawasha kiko upya. Emil alimfikiria Monika, aliyekuwa nyumbani mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akisubiri simu.

Seffa alivua miwani, akaifuta kwa aproni. Akasogeza kitako kidogo tu, kikatulia begani kama mtoto aliyepata ziwa.

Nne. Nne. Tatu. Nne.

Kila kibao cha alama kilipopanda kutoka shimoni, minong'ono ilipungua. Kufikia risasi ya kumi na saba hapakuwa na aliyenong'ona tena. Alama hamsini na sita. Ya mwisho ilipaswa kupiga katikati kabisa.

Seffa alivuta pumzi, akatoa nusu yake, akafyatua.

Kibao kilikawia. Emil alihesabu mapigo ya moyo wake mpaka yakampotea. Kisha kibao kikapanda, taratibu: nne.

Badischt alivua kofia.

"Sitini. Neno langu ni neno langu, binti aje aandikishwe." Aliitazama bunduki, machozi yakimlengalenga. "Laiti Alois angekuona leo."

Seffa aliinuka polepole, akijishika kiuno, wala hakuonyesha furaha yoyote.

"Nimezeeka, Badischt. Siku ile ya mvua na ukungu nilikosa alama mbili tu, Alois akiwa nyumbani akinikamulia ng'ombe."