Taa ya Zambarau

Siku hizo kila mtaa wa Tanga ulikuwa na ukuta wa mvumbasi na mshubiri, na kwenye majani wamepachika vidude vya umeme vya kunusa hewa. Asubuhi unapita, unaupumulia, taa ya nyumba yako inawaka kijani. Ikiwaka zambarau, basi nyumba hiyo ina msiba njiani, na majirani hawangoji mtu afe. Wanakuja na mikeka yao kabisa.

Sasa Mzee Shekiondo yuko zake anakunywa uji, mara hodi, Bi Mwanakombo wa jirani huyo na sufuria kichwani.

"Poleni jamani."

"Pole ya nini, shemeji?"

"Taa yenu zambarau."

Mzee akacheka. Nyumba yenyewe watu wawili tu, yeye na mkewe Mwanahawa, wazima kama chuma. Akatoka na kandambili zake, akaupumulia ukuta: zambarau. Mwanahawa akapumua: zambarau vilevile.

"Umeharibika huu, wanangu," akawaambia vijana wa mtaa waliokwisha fika na mikeka.

"Haujawahi kukosea, babu," wakamjibu, huku wanatandika.

Wakarudi ndani, mume na mke. Mzee akamtazama mkewe, kumbe mkewe naye anamtazama yeye, kila mmoja anamtafutia mwenzake kikohozi, jasho, chochote. Hamna.

Mzee, hata hajui kwa nini, akausogeza uji wake upande wa mkewe.

"Kunywa wewe, mama."

Mwanahawa akaurudisha. "La, baba. Kunywa wewe."

Nje, maji ya wali yakaanza kuchemka.