Nyuki Hawana Masikio

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, bondeni Bohinj, joto lilikuwa nyuzi tisa na nyuki wa mzinga wa kwanza walikuwa hawajatoka. Jerneja aliandika hayo daftarini huku shangazi yake amemsimamia.

"Mazishi ni saa nne, mwanangu. Nyuki wasipoambiwa kwamba mwenyewe amekufa, watakufa wote. Na wa kuwaambia ni mtoto wake."

"Shangazi, hii ni mara ya sita unaniambia! Nyuki hawana masikio. Nimewachunguza maabarani miaka kumi na moja. Wanachohisi ni mtikisiko tu, kwa miguu."

"Basi iambie hiyo miguu, daktari wangu. Utapungukiwa nini?"

Jerneja alisonya. Kugonga kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Akagonga kibao cha mbele, kile ambacho baba yake alichora dubu juu yake, mara tatu kwa kifundo cha kidole. Mvumo ulipanda ndani ya mzinga, kisha ukashuka, kama vipimo vyake vilivyoonyesha siku zote.

"Haya, nimegonga."

"Umebisha hodi tu. Hujasema."

Akafungua kinywa. Kwa siku tatu alikuwa amewaandikia watu, "Mazishi ni Alhamisi," na neno lenyewe hakulitamka hata mara moja. Kifundo chake kilikuwa bado kwenye kibao. Kibao kilikuwa kikitetemeka.

"Baba amekufa," alisema.

Kisha, bila kuambiwa, akaenda kwenye mzinga wa pili, akagonga.