Kinachokula Betri

Gari la Tausi lilikuwa limezimwa, lakini kitaa cha kupimia umeme alichokifunga Fundi Mbwana kwenye waya wa betri kiliwaka. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme kimyakimya. Fundi akachomoa fyuzi moja moja, kwa taadhima ya daktari wa meno, mpaka kitaa kikazimika. Akaufuata waya hadi chini ya kiti, akatoa kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti.

"Dada, hiki kinamwambia mtu ulipo. Nani kakufungia?"

Tausi alikikodolea macho. Kila betri ilipomfia njiani, mumewe alitokea kabla hajapigiwa simu. "Moyo wangu unakuhisi," alimwambia, naye Tausi akawaringia wenzake mwaka mzima.

"Nikitupe?"

"Hapana. Gari lile linalojazwa upepo linakwenda wapi?"

"La maiti? Makaburini."

"Lifungie hilo."

"Wee dada!" Fundi aliangua kicheko, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka.

Gari la maiti likaondoka polepole. Halijafika hata barabara ya lami, simu ya Tausi ikaanza kuita mapajani. Akaitazama inavyotetemeka juu ya khanga, jina la mumewe likiwaka kiooni.