Jino la Darasa

Usijifanye huoni. Jirani yako Mwanamvua anakunywa uji tu mwaka wa pili sasa, nawe ukipita dirishani kwake unaongeza mwendo.

Gego lake bovu ni jino la darasa. Limetiwa kidude kinachopeleka maumivu yake kwenye glavu za wanafunzi wa udaktari wa meno, wajifunze kuyatambua kwa vidole. Jino likishaandikishwa, haling'olewi mpaka darasa lote lifaulu.

Asubuhi ya mtihani, Saumu, mke wa mwanawe, alishindwa kuvumilia kumtazama. Akasaga karafuu, akampachikia kwenye jino. Mwanamvua akatafuna muhogo, akacheka peke yake.

Saa nne akaja mwanafunzi mmoja, Lameck, amenuna.

"Bibi, umetufelisha. Glavu zilikaa kimya. Wote arobaini tumeandika kwamba jino ni zima."

"Basi ling'oeni, mjukuu wangu, muuone huo uzima."

"Haiwezekani. Tunarudia mwaka, na jino linarudia nasi."

Saumu akainamisha kichwa. "Kosa langu, mama."

"Kosa lako kunipa muhogo? Kaa hapa tule, kabla karafuu haijaisha nguvu."

Lameck alikuwa ametumwa na walimu wake. Akazoa karafuu zote jikoni, huku akiomba radhi, hata zilizokuwa kwenye pilau akazichambua.

Darasa linaanza upya kesho saa mbili. Sheria inataka sahihi kumi za majirani ili jino liachiwe kabla darasa halijafaulu. Zipo tisa. Vaa viatu uende.