Kijiko cha Jenerali

Aliingia kibandani kwangu mchana, kofia ya majani, makubadhi yamechanika, kama mchunga nyumbu yeyote. Lakini goti lake halikutulia. Kila kwato zikisikika barabarani, anageuka. Nikampa bakuli la maharage na mikate mitatu ya mahindi.

Akaangaza huku na huku. "Mama, kijiko kiko wapi?"

Sisi watu wa huku, wachunga nyumbu nao, maharage tunayachota kwa kipande cha mkate.

Nikamtazama kidole: alama nyeupe ya pete. Ndiye Jenerali Evaristo anayesakwa, aliyemchukua mwanangu vitani, asinirudishie hata kofia yake.

"Kipo, baba," nikasema. "Wanacho wale askari wanaomsaka Jenerali, pale kisimani. Kaa, nikakuazimie."

Goti likatulia.