Anapumua

Wajenzi waliokuwa ghorofa ya tisa waliliona koti la mwenzao Malachy Furey likipita, kisha wakasikia kishindo uani, kwenye rundo la mchanga.

Nash Wheelan, kiongozi wa kikosi cha Malachy, ndiye aliyefika wa kwanza. Mnyapara Brundage alipotoka ofisini, turubai lilikuwa limeshatandazwa, buti mbili zimechomoza. Brundage hakuzitazama. Alitazama jengo la washindani ng'ambo ya barabara. Mwaka huo matajiri wa New York walikuwa wakigombea nani ayaguse mawingu kwanza, na asubuhi hiyo jengo lile lilikuwa limewapita kwa ghorofa moja.

"Anapumua," akasema. "Rudini juu."

Mafundi wa chuma wa majengo hayo marefu walikuwa na desturi ambayo hakuna tajiri aliyethubutu kuivunja: mwenzao akifa, vyombo chini, kila mtu nyumbani kwake hadi kesho. Akiumia tu, kazi inaendelea. Ndiyo maana kwenye jengo la Brundage watu hawakufa. Walipumua chini ya turubai mpaka king'ora cha jioni, kisha wakafia njiani kwenda hospitali.

Leander Costigan alipumua hivyo mwezi uliopita. Mkewe, Honora, alishinda langoni akiomba padri aruhusiwe kuingia, akaambiwa mumewe amekunywa chai na asisumbuliwe. Alipokabidhiwa maiti jioni, mikono ilikuwa imekakamaa hata hakuweza kuipitisha rozari vidoleni. Leander akazikwa bila kupakwa mafuta matakatifu. Honora alipoyasema hayo, kampuni ikadai huzuni imemvuruga akili. Hata Padri Hartery alimsihi amwachie Mungu.

"Mungu nimemwachia yaliyo yake, Padri," Honora alimjibu. "Brundage sijamwachia."

Leo yeye na padri walikuwa ndani ya lango kabla vumbi halijatulia.

Nash aliketi juu ya ndoo. Wenzake nao wakaketi mmoja mmoja, koleo na nyundo miguuni pao. Akasema hawapandi mpaka wamwone Malachy. Brundage akawaambia asiyepanda leo asije kesho. Brooklyn imejaa watu wa kwao Newfoundland wenye njaa. Nash akakiri kwamba ni kweli, na wote ni binamu zake.

Mtu mmoja akacheka. Brundage akamgeukia padri na kulainisha sauti. Mchanga umempokea kijana, akaeleza, daktari ameshamwona, kilichobaki ni mapumziko tu.

"Wewe umemwona?" Honora akauliza.

"Mama, nenda nyumbani."

"Nakuuliza mbele ya padri, bwana. Umemwona kwa macho yako?"

Brundage akavua kofia. "Nimemshika mkono sasa hivi. Amekunywa maji. Ameniambia, waambie wenzangu waendelee, nisiwacheleweshe."

"Ni maneno yake hayo?"

"Neno kwa neno. Naapa kwa Mungu."

 Honora alimtazama padri, akangoja.

 Padri Hartery akatoa mfukoni kichupa cha mafuta, akasema kwamba kama kijana anapumua, baraka haitamdhuru. Brundage akajibu kwamba daktari amekataza asiguswe. Padri akauliza daktari mwenyewe yuko wapi.  Brundage alisimama kati ya padri na turubai, mikono ameitandaza, shingo imemwiva.

"Atakayeligusa," akasema, "hana kazi hapa wala kwingine mjini."

"Basi nifukuze," ikajibu sauti kutoka nyuma ya wale walioketi.

Wakajisogeza kumpisha. Malachy Furey, amevaa shati tu katika baridi ile, akampita mnyapara, akashika ncha ya turubai na kulivuta kwa nguvu, na gunia la mchanga lililovishwa koti na kufungwa buti mbili likabingirika hadi miguuni pa padri.