Alfajiri Juu ya Elbe

Ewald Trautwein alikohoa mara tatu, na jua halikuchomoza.

Wageni walikaa gizani mbele ya mchoro wake, madirisha yamefungwa mchana kweupe. Alikuwa ameuchora kwenye karatasi nyepesi, kama walivyopenda watu wa mji wa Dresden miaka ile, ili taa zikiwashwa nyuma yake, bonde la mto Elbe lipambazuke. Kazi ya taa ilikuwa ya mkewe, Hedwig, aliyekuwa chumba cha nyuma. Kikohozi ndicho ishara: awashe kwanza ya kulia, penye pengo la milima.

“Trautwein,” alisema Mzee von Rabenau, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani awe mwalimu wa uchoraji chuoni, “jua la kwenu hulala mpaka saa ngapi?”

Watu wakacheka. Ewald naye akacheka, jasho likimtoka. Mara mbili mzee huyo alikuwa amemnyima kazi kwa maneno yale yale: mwanga wako umekufa. Hii ilikuwa ya tatu, na ya nne haingekuwapo.

Akakohoa tena, kwa nguvu.

“Jamani mpeni maji,” mama mmoja akanong'ona, “asije akatufia kabla hakujakucha.”

Ndipo mwanga ukaja. Ulitokea kushoto, chini kabisa, ukingoni mwa mto. Ewald akauma meno. Miezi minne ya kupima kila kivuli, na Hedwig anakosea upande!

Lakini mwanga ukapanda taratibu. Msonobari mkavu, ambao nusura aukwangue, ukasimama mweusi mbele ya wekundu, ukalivuta jicho hadi vileleni. Mto ukametameta. Mbona hakuliona hilo? Picha nzima ilikuwa ikingoja mwanga wa upande ule.

“Tazameni ukungu,” mtu akasema. “Unatembea!”

Von Rabenau alikuwa ameinuka, mashavu yamelowa. “Mwanangu, jua lako lina joto. Nalisikia mpaka usoni. Jumatatu uanze kazi.”

Makofi yakarindima. Ewald akatamani kumkumbatia mkewe hapo hapo.

Mlango wa barabarani ukafunguka. Hedwig akapenya kati ya viti, macho chini, theluji mabegani, chupa mkononi.

“Nisamehe, mume wangu,” akamnong'oneza, akihema. “Mafuta yaliisha kabla sijawasha hata taa moja, nikakimbilia kwa jirani. Ngoja nikaziwashe taa sasa hivi.”